Barua Halali Inapozuiwa: Mwongozo wa Kuchunguza Vichujio vya Seva ya Barua Pepe

Seva ya barua pepe huchuja barua kwa vituo vitatu. Kwenye kituo cha kwanza huangalia anwani ya IP ya seva inayoomba kuunganishwa. Kwenye cha pili husikiliza maelezo ya bahasha: jina ambalo seva hiyo inajitambulisha nalo, anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji. Kwenye cha tatu hupokea barua yenyewe na kupima vichwa vyake, maneno yake na viambatisho vyake. Barua halali inaweza kukwama kwenye kituo chochote, na kila kituo kina kanuni zake, faili zake na namna yake ya kuacha alama kwenye logi. Kazi ya kwanza ya msimamizi wa seva, kwa hiyo, ni kujua kituo kilichoizuia barua na kanuni iliyotumika. Anayeanza kwa kulegeza vichujio kabla ya kujua hilo huishia na hasara mbili kwa pamoja: barua taka zinaingia kwa wingi, na mtumaji aliyelalamika bado amezuiwa.

Dodoma ina sababu ya kulijali jambo hili kuliko miji mingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali mjini hapo ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 umetekelezwa kwa kasi. Wizara zimehamia Mtumba, na taasisi, vyuo na mashirika vimezifuata. Mawasiliano ya ofisi hizo na wananchi wa uwanda wa kati, kutoka Kondoa na Mpwapwa hadi Manyoni na Singida, sasa hupita kwa kiasi kikubwa kwenye barua pepe. Wanaozuiwa na kanuni mbovu si kampuni kubwa zenye wataalamu wa kulalamika. Ni mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeuliza bei kwa anwani ya Gmail, mkamuaji wa alizeti wa Singida anayetuma ankara, shule ya sekondari ambayo seva yake ilifungwa na fundi ambaye hayupo tena, na mzazi anayemuulizia mtoto wake nafasi ya chuo. Wengi wao hawajui kwamba wamezuiwa. Hudhani wamepuuzwa.

Mipaka ya madaraka nayo ijulikane mapema. Barua pepe za taasisi za umma zilizo kwenye mfumo wa pamoja wa serikali husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 na yenye makao makuu Dodoma. Afisa TEHAMA wa halmashauri hawezi kubadili vichujio vya mfumo huo. Kazi yake ni kukusanya ushahidi kamili na kuuwasilisha. Lakini vyuo, hospitali za mashirika ya dini, asasi za kiraia na kampuni nyingi hujiendeshea seva zao, mara nyingi kwa Zimbra, cPanel au Postfix tupu. Maelezo yanayofuata yanawahusu zaidi hao, na mifano mingi ni ya Postfix na SpamAssassin, kwa kuwa Zimbra nayo imejengwa juu ya programu hizo mbili pamoja na Amavis.

Ushahidi

Malalamiko mengi hufika kwa simu, na hufika nusu: barua imetumwa tangu juzi, haijajibiwa. Yanayohitajika ni anwani kamili ya mtumaji, anwani kamili ya mpokeaji, siku na saa ya kutuma, na taarifa ya kurudishwa kwa barua kama ipo. Taarifa hiyo ina thamani kuliko vyote vingine, maana hubeba maneno halisi ya seva iliyokataa. Mtumaji aombwe aitume nzima, kwa anwani nyingine au hata kwa picha ya WhatsApp, badala ya kuisimulia.

Saa inataka uangalifu wa pekee. Mtu wa Mpwapwa akisema alituma saa nne asubuhi, logi inayofuata saa za Afrika Mashariki itaonyesha 10:00, na seva iliyowekwa kwenye saa za UTC, kama zilivyo nyingi zinazokodishwa ng'ambo, itaonyesha 07:00. Anayetafuta 04:00 hapati kitu, kisha anahitimisha kwamba barua haikufika kabisa. Kosa hili dogo hupoteza siku nzima, na huanzia kwenye mazungumzo ya simu kabla kompyuta haijaguswa.

Utafutaji wenyewe ni mwepesi. Kwenye Debian au Ubuntu logi ya barua kwa kawaida ipo /var/log/mail.log, kwenye jamii ya Red Hat ni /var/log/maillog, kwenye Zimbra ni /var/log/zimbra.log, na kwenye cPanel, inayotumia Exim, ni /var/log/exim_mainlog. Logi za siku zilizopita huwa zimebanwa, hivyo hutafutwa kwa zgrep badala ya grep. Neno la kutafuta lianze na kikoa cha mtumaji, si anwani yake yote, kwa sababu anwani ya kwenye bahasha huweza kutofautiana na ile inayoonekana juu ya barua. Mstari wa kukataliwa kwenye Postfix huwa wa namna hii:

NOQUEUE: reject: RCPT from unknown[192.0.2.25]: 450 4.7.25 Client host rejected: cannot find your hostname, [192.0.2.25]; from=<mauzo@example.com> to=<manunuzi@example.org> proto=ESMTP helo=<SERVER01>

Mstari mmoja huo unasema karibu kila kitu. Neno NOQUEUE maana yake barua haikupewa hata namba ya foleni: ilikataliwa kabla maudhui hayajapokelewa, kwa hiyo SpamAssassin haihusiki na kuichezea ni kupoteza muda. Namba 450 inaonyesha aina ya kukataa. Maneno yanayofuata yanataja sababu, na mwishoni zipo anwani za bahasha na jina ambalo seva ile ilijitambulisha nalo.

Kama mstari wa kukataliwa haupo lakini barua ina namba ya foleni, namba hiyo ifuatwe hadi mwisho wa safari yake. Hapo ndipo huonekana maneno ya Amavis: Passed CLEAN, Blocked SPAM, au Blocked BANNED kwa kiambatisho kilichopigwa marufuku. Kama hakuna mstari wowote, barua haikufika kwenye seva ile. Sababu basi itafutwe kwingine: kwenye rekodi ya MX inayoelekeza kwenye seva ya zamani, kwenye seva ya akiba ambayo logi yake hakuna aliyekumbuka kuisoma, au kwenye ngome ya mtandao iliyofunga anwani ya IP kabla programu ya barua haijaamshwa. Programu ya fail2ban hufanya hivyo mara nyingi, na anwani moja iliyofungwa huweza kuwa ya ofisi nzima.

Katika kusoma ushahidi, mstari wa sheria usivukwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na barua za watu zimejaa taarifa binafsi. Logi na vichwa vya barua hutosha kwa karibu kila uchunguzi. Mwili wa barua usomwe tu kwa ridhaa ya mhusika na kwa sababu iliyoandikwa.

Kukataa, kuchelewesha, kufuta kimya

Majibu ya seva yanayoanza na 5, kama 550 na 554, ni ya kukataa moja kwa moja: mtumaji hupata taarifa papo hapo. Yanayoanza na 4, kama 421, 450 na 451, humwambia mtumaji ajaribu tena baadaye. Wasimamizi wengi huyaona ya pili kuwa mepesi, na hapo hukosea. Postfix ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo hushika barua iliyocheleweshwa kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa, na haimtumii mtumaji onyo lolote katika siku hizo. Kwa mzabuni ambaye bei yake inatakiwa kabla ya Ijumaa, siku 5 za ukimya ni sawa na kukataliwa, tena bila kujua. Kanuni inayodai jina la seva inayotuma, ile iliyozaa mstari wa hapo juu, hujibu 450 isipobadilishwa. Msimamizi aliyeiweka huona kwamba hakuna barua zinazorudishwa na kuamini kwamba mambo ni shwari.

Mbinu ya kuchelewesha kwa makusudi, iliyopendekezwa na Evan Harris mwaka 2003, hutumia tabia hiyo ya majibu ya 4 kwa faida: mtumaji mgeni huambiwa arudi baadaye, na programu nyingi za barua taka hazirudi. Postgrey husubiri sekunde 300 kwa kawaida. Tatizo huja pale mtoa huduma mkubwa anaporudi kila mara kwa anwani nyingine ya IP na kila mara kuonekana mgeni, au pale seva ndogo ya mtumaji inapozimika kwa kukatika kwa umeme kabla haijajaribu tena. Mahali penye kichujio kizuri cha maudhui, mbinu hii huleta hasara kuliko faida na inaweza kuondolewa bila majuto.

Kibaya kuliko vyote ni kufuta kimya. Kwenye Zimbra, kwa mipangilio ya mwanzo, alama za SpamAssassin hupimwa kwa asilimia ya pointi 20: barua inayofikia asilimia 33 hupelekwa kwenye folda ya taka, na inayofikia asilimia 75, yaani pointi 15, hutupwa bila mtumaji wala mpokeaji kuarifiwa. Kwenye Postfix tendo la DISCARD katika faili za header_checks hufanya vivyo hivyo: seva ya mtumaji huambiwa barua imepokelewa, ilhali imetupwa. Msimamizi anayerithi seva atafute neno hilo katika saraka yote ya /etc/postfix kabla ya jambo jingine, na kila anapolikuta ajiulize kama REJECT haitoshi. Mtumaji aliyekataliwa waziwazi anaweza kupiga simu, kubadili anwani au kupanda daladala kuja ofisini. Aliyefutwa kimya hana la kufanya.

Kituo cha kwanza: anwani ya IP

Seva nyingi ndogo za Tanzania hutumia laini ya kawaida ya intaneti ambayo mtoa huduma hakuiwekea rekodi ya PTR, ile inayoigeuza anwani ya IP kuwa jina. Amri ya dig -x ikifuatiwa na anwani huonyesha mara moja kama rekodi ipo. Postfix ina kanuni mbili zinazofanana majina na kutofautiana sana ukali. reject_unknown_reverse_client_hostname hukataa tu pale PTR inapokosekana kabisa. reject_unknown_client_hostname hudai pia jina lililopatikana lirudi kwenye anwani ileile, na hukataa seva nyingi halali ambazo mafundi wake walikosea herufi moja au walihama mtoa huduma. Ya pili ikikutwa kwenye seva ya taasisi inayohudumia umma, ibadilishwe iwe ya kwanza, au iondolewe na ukosefu huo uongezewe pointi kwenye kichujio cha maudhui.

Orodha nyeusi za DNS zinastahili kuchunguzwa kwa subira zaidi, maana zikiharibika huzuia watu kwa mamia. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1997 na Paul Vixie na Dave Rand, na inayotumika sana leo ni ya Spamhaus, shirika lililoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998. Seva huuliza DNS kama anwani fulani imo kwenye orodha, na jibu huja kwa umbo la anwani inayoanza na 127. Orodha ya zen.spamhaus.org hutoa majibu kati ya 127.0.0.2 na 127.0.0.11 kwa anwani zilizoorodheshwa. Lakini swali likiulizwa kupitia DNS ya hadharani kama 8.8.8.8 ya Google, Spamhaus haijibu swali, hurudisha 127.255.255.254, maana yake aliyeuliza hakubaliki. Postfix iliyoandikiwa reject_rbl_client zen.spamhaus.org bila nyongeza huchukulia jibu lolote kuwa ni ndiyo. Matokeo yake ni kwamba siku fundi anapobadili DNS ya seva kuwa 8.8.8.8 kwa sababu intaneti ilikuwa nzito, dunia nzima inazuiwa. Kwenye logi huonekana maneno Error: open resolver, na anayeyajua hugundua chanzo kwa dakika moja.

Dawa ni mbili, na zote zitumike. Seva iwe na DNS yake yenyewe, kwa mfano kwa kufunga Unbound, na kanuni iandikwe kwa kutaja majibu yanayokubalika: reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]. Kisha kila orodha inayotumika ipimwe afya. Kwa utaratibu uliowekwa katika RFC 5782 ya mwaka 2010, orodha hai lazima iitaje 127.0.0.2 kuwa imeorodheshwa na isiitaje 127.0.0.1. Amri mbili za dig zinatosha, huku anwani ikiandikwa kinyumenyume: 2.0.0.127 ikifuatiwa na jina la orodha, kisha 1.0.0.127. Orodha ya ORDB ilifungwa Desemba 2006. Machi 2008 ilianza kujibu kwamba kila anwani duniani imeorodheshwa, na seva ambazo bado ziliiuliza zikakataa barua zote. Orodha ya SORBS nayo ilifungwa mwaka 2024. Mipangilio iliyonakiliwa kutoka maelekezo ya miaka mingi iliyopita bado ina majina ya orodha kama hizo.

Orodha ikiwa nzima na mtumaji akawa ameorodheshwa kweli, bado anaweza kuwa halali. Wateja wengi wa intaneti ya simu hushiriki anwani moja ya IP, na kompyuta moja yenye virusi huwachafua wote. Majibu ya 127.0.0.10 na 127.0.0.11 hayamtuhumu mtumaji kwa kosa lolote. Yanasema anwani hiyo ni ya watumiaji wa kawaida na haikukusudiwa kutuma barua moja kwa moja. Shule au kiwanda chenye tatizo hilo kielekezwe kutuma kupitia seva ya mtoa huduma wake. Vivyo hivyo kanuni za kuzuia kwa nchi zitazamwe upya kila mahali zilipo. Chuo chenye wahadhiri wanaosoma China hakiwezi kuifunga China, na hata kipimo chenyewe kina kasoro, kwa kuwa baadhi ya vitalu vya anwani vilivyotolewa na AFRINIC kwa ajili ya Afrika hutumika Asia.

Kituo cha pili: bahasha na utambulisho

Rekodi ya SPF, kama ilivyoelezwa katika RFC 7208 ya mwaka 2014, hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Makosa yake kwa watumaji halali ni machache na hujirudia. Ofisi iliyohamia Google Workspace au Microsoft 365 huongeza rekodi ya pili ya SPF badala ya kuiunganisha na ya zamani, na rekodi mbili ni batili. Nyingine hujaza include hadi maswali ya DNS yanazidi 10, kikomo kilichowekwa, na rekodi inabatilika vilevile. Amri ya dig +short TXT na jina la kikoa huonyesha hali ilivyo. Hapa marekebisho ni ya mtumaji, na msaada bora ni kumwandikia mstari mmoja ulio sahihi ambao anaweza kuupeleka kwa aliyemsajilia kikoa, badala ya kumtumia somo refu.

Barua iliyofowadiwa ni kesi nyingine. Mhadhiri aliyeelekeza barua za chuo ziende kwenye sanduku la taasisi anayofanyia utafiti hufanya seva ya chuo ionekane kama mwongo, kwa kuwa haimo kwenye SPF ya mtumaji wa awali. Sahihi ya DKIM kwa kawaida huvuka salama. Ndiyo maana kukataa kwa kushindwa SPF peke yake ni kanuni kali kupita kiasi. Uamuzi uachwe kwa DMARC, ambayo huridhika kama kimojawapo kimepita kwa kikoa kinachoonekana kwa msomaji.

Kanuni ya kukataa barua za nje zinazojiita za ndani ni nzuri, lakini huinasa taasisi yenyewe. Fomu ya maoni kwenye tovuti iliyopangishwa Dar es Salaam au ng'ambo hutuma kwa jina la kikoa cha taasisi kutoka seva ya mbali, na hukataliwa. Mfumo wa ada, wa maombi ya kazi au wa matokeo hufanya hivyohivyo. Suluhisho ni mifumo hiyo itume kwa kujithibitisha kwenye seva ya taasisi kwa jina na nywila, kupitia bandari 587.

Kisha zipo kanuni zilizoandikwa kwa mkono, na hizi ndizo hatari zaidi kwa sababu hakuna anayezikumbuka. Mfano mmoja unatosha. Msimamizi aliyechoshwa na barua taka kutoka vikoa vya Urusi huandika /\.ru/ kwenye orodha ya majina ya seva yanayokataliwa. Hakuweka alama ya mwisho wa neno. Kanuni hiyo itainasa seva yoyote ambayo jina lake lina nukta ikifuatiwa na herufi r na u: mail.ruvuma.go.tz itakataliwa, na vivyo hivyo seva yoyote ya barua iliyo chini ya ruwasa.go.tz, kikoa cha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ambao makao makuu yake yako Dodoma. Umbo sahihi ni /\.ru$/. Kila kanuni ya aina hiyo ijaribiwe kwa postmap -q ikifuatiwa na jina halisi na faili husika, na majaribio yafanywe kwa majina ya nyumbani: .go.tz, .ac.tz, .or.tz, .co.tz na .sc.tz.

Kituo cha tatu: maudhui

SpamAssassin hujumlisha pointi za majaribio mengi, na kikomo chake cha kawaida ni 5. Barua iliyozuiwa ikipatikana kwenye karantini, kichwa cha X-Spam-Status huorodhesha kila jaribio lililoguswa na pointi zake. Barua iliyohifadhiwa kama faili inaweza kupimwa upya kwa spamassassin -t. Kuongeza kikomo kutoka 5 hadi 8 ili barua moja ipite ni njia ya mkato inayojutiwa. Kinachotafutwa ni jaribio moja au mawili yaliyobeba mzigo usiostahili.

Kwa barua za Kiswahili, mara nyingi mzigo huo unatoka kwenye lugha. Pale kiongezi cha kutambua lugha kimewashwa na ok_languages ikaandikwa en peke yake, barua ya Kiswahili hupata karibu pointi 3 kabla neno lolote halijapimwa. Mstari uwe ok_languages en sw.

Kichujio cha Bayes kina tatizo la ndani zaidi. Hujifunza kwa kulinganisha barua taka na barua njema kilizoonyeshwa, na hakianzi kutoa uamuzi hadi kiwe na angalau 200 za kila aina. Katika ofisi ambayo barua rasmi nyingi ni za Kiingereza, na watumiaji huweka alama ya taka kwenye matangazo ya mikopo na ya kubeti yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kichujio huona maneno kama ndugu, tafadhali, malipo na simu karibu kila mara ndani ya taka. Baada ya miezi michache Kiswahili chenyewe kinageuka dalili ya ulaghai, na mwananchi anayeandika kwa adabu zote, akianza na salamu, ndiye anayepigwa zaidi. Jaribio la BAYES_99 likionekana kwenye barua kadhaa za Kiswahili zilizo halali, huo ndio ugonjwa. Tiba ni kukusanya, kwa ridhaa ya wenye masanduku, barua njema za Kiswahili za aina zote, za wananchi, za wazabuni na za ofisi kwa ofisi, na kuzilisha kwa sa-learn --ham. Kwenye Zimbra mtumiaji akibonyeza kwamba barua si taka, nakala huenda kwenye mafunzo; watumishi waelezwe faida ya kitufe hicho. Hifadhi iliyoharibika sana ni bora ifutwe kwa sa-learn --clear na ianze upya.

Orodha za maneno yaliyokatazwa ni tatizo la zamani. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwakataa wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kwa sababu ya herufi zilizomo katikati ya jina la mji wao. Orodha za matusi ya Kiingereza zilizonakiliwa kutoka nje hunasa mashitaka na mshitakiwa kwa sababu hiyohiyo, na katika mji wenye mahakama na mawakili wa serikali hilo si jambo dogo. Kanuni iwekewe mipaka ya neno kwa \b, au ifutwe.

Kanuni huzeeka pia. Mwaka 2010 ulipoanza, jaribio la SpamAssassin lililokusudiwa kukamata tarehe za mbali mno liliikuta tarehe ya siku hiyo na kuziongezea pointi barua halali duniani kote, hadi masahihisho yalipotolewa. Seva ambayo sa-update yake haifanyi kazi hubaki na makosa kama hayo kwa miaka.

Kuruhusu bila kufungua mlango wote

Mtumaji halali anaporuhusiwa kwa upekee, ruhusa ifungwe kwenye kitu kisichoghushika. Anwani ya barua pepe huandikwa na yeyote. Ruhusa ya jina tupu ni mwaliko kwa tapeli anayejua taasisi inafanya kazi na nani. Kwenye SpamAssassin 4.0, iliyotoka mwaka 2022, itumike welcomelist_auth, inayodai SPF au DKIM ipite, badala ya welcomelist_from. Kwenye Postfix ruhusa ya anwani ya IP kupitia check_client_access ni imara kuliko ya jina la mtumaji.

Ruhusa nyingi hushindwa kwa sababu ya mpangilio. Postfix ina orodha kadhaa za masharti, ya mteja, ya utambulisho, ya mtumaji na ya mpokeaji, na jibu la OK katika orodha moja humaliza orodha hiyo pekee. Inayofuata bado inaweza kukataa. Ndani ya orodha moja, mstari wa ruhusa ukiwa chini ya mstari unaokataa haufikiwi kamwe. Na hakuna ruhusa yoyote kati ya hizo inayozuia header_checks, ambazo husomwa baadaye na programu nyingine. Mwisho, faili la aina ya hash likibadilishwa bila kuendesha postmap, seva huendelea kusoma nakala ya zamani. Amri ya postconf -n ionyeshe hali halisi kabla ya kukisia.

Mabadiliko yajaribiwe kabla ya kuumiza. Neno warn_if_reject likiwekwa mbele ya kanuni ya Postfix, seva huandika kwenye logi kwamba ingekataa, lakini haikatai. Wiki moja ya logi ya namna hiyo, ikijumuisha siku za mwisho wa mwezi ambapo barua ni nyingi, huonyesha nani angezuiwa. Kwenye Exim amri ya exim -bh na anwani ya IP huigiza mazungumzo yote bila barua kutumwa. Nakala ya mipangilio ya awali ihifadhiwe pembeni, ili kurudi nyuma kuwe kwa dakika moja.

Kila ruhusa iandikwe na tarehe, sababu na jina la aliyeiomba, na ipitiwe upya angalau mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa anwani za IP hubadili wenyewe na watumaji hurekebisha seva zao. Barua zilizokwama kwenye karantini zitolewe kwa wapokeaji, na zile zilizofutwa watumaji wake waarifiwe kwa simu wazitume tena, logi inawataja. Anwani ya postmaster, ambayo RFC 5321 inaitaka kwenye kila kikoa kinachopokea barua, iondolewe kwenye vichujio vyote vya vituo vitatu, isomwe na mtu kila siku ya kazi, na ionekane pamoja na namba ya simu ya ofisi ndani ya ujumbe wa kukataa wenyewe. Postfix hufanya hivyo kwa mstari mmoja wa smtpd_reject_footer, na maneno yake mafupi yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza.